Besi Isiyopulizwa Makaburini

Kwa miaka arobaini nilipuliza besi katika kwaya ya tarumbeta ya usharika wetu, na miaka hiyo yote niliamini kwamba Mungu ananihitaji. Nalisema hili mapema ili msomaji ajue anashughulika na mtu wa namna gani. Besi ndiyo tarumbeta kubwa kuliko zote, dude la shaba linalokaa mapajani, na tundu lake la juu unaweza kumwogeshea mtoto mchanga. Hiyo ya kwetu ililetwa na wamisionari zamani, imepigwa lehemu mara nyingi na fundi redio wa Lushoto mjini, na hakuna mtu mwingine kijijini aliyekuwa na kifua cha kuijaza. Hayo ya kifua niliyasema mwenyewe, mara nyingi, bila kuulizwa.

Kijiji chetu kiko kwenye mgongo wa mlima, upande wa barabara iendayo Mtae. Waislamu ni wengi kuliko sisi na tumezoeana. Adhana inatangulia, kengele inafuata, halafu wote tunakutana kwenye mfereji kugombania maji. Mashamba yetu ni ya matuta, kabichi na karoti juu, maharage chini, na kila nyumba ina zamu yake ya maji. Zamu ikifika unaondoa tope na majani yaliyoziba mlango wa shamba lako, maji yanaingia. Ikiisha unaziba, yanakwenda kwa mwenzako. Ukiwa mgonjwa, mtu wa nyumbani kwako au jirani anakufungulia, wala hafanyi hotuba juu ya jambo hilo. Ukipata nguvu unaichukua zamu yako.

Kila siku saa kumi alasiri nilikuwa nakaa juu ya jiwe, pale kwenye tuta la karoti, nafanya mazoezi. Jirani yangu, mzee wa Kiislamu ambaye shamba lake limepakana na langu, alikuwa akisema ng'ombe wake hashushi maziwa mpaka asikie lile dude. Sikujua kama ni sifa au kejeli, nikaichukua kama sifa. Mke wangu saa hiyo hukaa nje ya mlango wa jiko akichambua maharage. Yeye hakuwahi kusema neno zuri juu ya besi. Alisema tu kwamba kuku wanasumbuka.

Sasa lile la aibu. Katika miaka hiyo arobaini sikuwahi kusali dakika tano mfululizo. Tarumbeta hukusanya maji ndani, pumzi na mate, na lazima yamwagwe. Basi mchungaji akisema tuombe, mimi nilikuwa na kazi. Ninainamisha besi, ninafungua kijitundu, ninatikisa taratibu kwa uso wa unyenyekevu. Mpaka maji yaishe, watu wamekwisha sema amina. Wengine waliniona mtu wa ibada kweli kweli, maana nilikuwa nimeinama kuliko wote.

Mwanzoni mwa Kwaresima ya mwaka huo wa arobaini niliamka, nikakaa kunywa chai, na chai ikanimwagikia shingoni. Nikanywa tena, ikamwagika tena. Mke wangu akaniangalia, akaweka chini bakuli alilokuwa nalo.

"Uso wako umeshuka," akasema.

Upande wote wa kulia ulikuwa umelala. Jicho la upande huo halikufumba hata nilipolilazimisha, na mdomo ulikuwa umevutwa kushoto. Hospitalini daktari alisema mshipa wa fahamu wa uso umepooza. Alisema unaweza kurudi wote, unaweza kurudi nusu, unaweza usirudi. Akanipa vidonge na dawa ya kudondoshea jichoni, akanifundisha kukunja uso mbele ya kioo asubuhi na jioni, jambo ambalo mtu mwenye akili zake hapaswi kufanya akiwa mzee.

Nilipofika nyumbani nilikwenda moja kwa moja kwenye besi. Nikavuta pumzi, nikapuliza. Upepo wote ukatokea pembeni mwa mdomo, mate yakanishukia kifuani, na besi ikakaa kimya mapajani. Nilijaribu mpaka kichwa kikauma. Kisha nikalia, na hakuna aliyejua kwamba ninalia, kwa sababu lile jicho lilikuwa linatoa machozi lenyewe kutwa nzima.

Halafu wakaja wafariji. Nimewahi kuona nzige mara moja tu maishani, lakini wafariji nimewaona wa kutosha. Wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa, mtu aliyekula magimbi manne nyumbani kwangu kabla ya kufungua mdomo. Alisema Mungu humpima anayempenda. Nikamtazama, mwenye afya, mashavu yote mawili yakitafuna sawasawa, nikawaza kwamba yeye basi hapendwi hata kidogo. Wa pili alikuwa mwinjilisti kijana mwenye viatu vilivyochongoka. Huyo aliniuliza kwa sauti ya chini kama kuna dhambi sijaungama. Nilimwambia ipo, ya kumkaribisha yeye, ila kwa jinsi nilivyokuwa ninatamka wakati ule hakunielewa, akaitikia "Bwana asifiwe" na kuandika kitu kwenye daftari lake. Wa tatu alikuwa mama mmoja wa jumuiya yetu. Alinitaka nishukuru kwamba si miguu. Ingekuwa miguu, angenitaka nishukuru kwamba si kichwa. Ingekuwa kichwa, nadhani angemwambia mke wangu ashukuru kwamba si yeye.

Wote walipoondoka waliniachia maneno, na sukari yetu ilikuwa imekwisha. Jirani yangu wa Kiislamu alikuja jioni, akasimama mlangoni na jembe lake.

"Pole sana, ndugu yangu," akasema. "Maji ya kesho nitakufungulia mimi."

Akageuka kuondoka. Kisha akarudi hatua moja.

"Ng'ombe ameanza kuninyima maziwa," akasema, akaenda zake.

Mimi nilicheka nusu uso. Ndiye mfariji pekee niliyemtamani arudi.

Kati ya wote waliokuja kuniombea, hakuna aliyeniuliza swali lililokuwa linanila. Niliogopa. Naandika wazi kwamba niliogopa sana, na si kufa. Miaka yote nilijihesabu mtu wa karibu na Mungu kwa sababu ya lile dude. Sasa limenyamaza, nikatazama kati yangu na Yeye, nikakuta hakuna kitu. Nilijaribu kuanza "Baba yetu" kama mtoto wa Sunday school, lakini neno lenyewe linataka midomo ikutane, na yangu haikukutana. Pumzi ikatoka pembeni vilevile kama kwenye besi. Nikakasirika, nikaacha. Kesho yake sikujaribu. Kesho kutwa sikukumbuka. Nilikuwa ninamwacha Mungu pole pole, huku kila Jumapili nimekaa benchi la mbele, na kitu kilichonitisha zaidi ni kuona jinsi ilivyokuwa rahisi.

Wiki moja kabla ya Pasaka alikuja kiongozi wa tarumbeta. Ni mtu mzima mwenye wajukuu, lakini nilimfundisha mimi kupuliza, kwa hiyo mbele yangu bado hukaa ukingoni mwa kiti.

"Shikamoo, tate," akasema. Tate kwa Kishambaa ni baba.

"Marahaba."

Akazungumza juu ya mvua. Akazungumza juu ya bei ya viazi. Kisha akakohoa.

"Wageni wa ule usharika rafiki wa Ulaya watakuwepo Pasaka. Watakuja makaburini alfajiri. Sasa, tate, tukisimama bila besi safu itakuwa na pengo. Wale watu wanapenda sana besi. Wanapiga picha."

"Mimi siwezi kupuliza."

"Usipulize. Shika tu."

Mtu mwenye heshima zake angemfukuza. Mimi nilimuuliza kama nivae suti ya kijivu au ile nyeusi.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Nyumbani tunazungumza Kishambaa, kwa hiyo maneno yake hapa ni Kiswahili changu, na ukali umepungua njiani.

"Utamdanganya nani?" akauliza.

"Wageni. Hawatajua."

"Makaburini yuko mama yako. Naye hatajua?"

"Mama amekufa."

"Pasaka ndiyo hii inakuja, nawe unaniambia hivyo," akasema, akarudi kwenye maharage yake. Mwanamke yule anaweza kukukata maini huku anatafuta kokoto kwenye ungo.

Kwetu Pasaka huanzia makaburini. Tarumbeta hutangulia kabla ya jua, watu wanafuata kwa miguu, na wimbo wa kwanza wa ufufuo unapigwa katikati ya makaburi ili wenye haki ya kuusikia kwanza wasikie. Ni desturi nzuri, hata mimi sina neno la kuidharau. Siku hiyo ukungu ulikuwa umelala mpaka magotini, na shaba ilikuwa baridi kiasi cha kuumiza vidole. Wageni walikuwa watano, wamevaa makoti ya mvua ya rangi kali, wanatabasamu kila walipotazama. Mimi nilikalishwa kwenye kigoda katikati ya safu, suti nyeusi, besi mapajani, mita mbili hivi kutoka kaburi la mama yangu.

Tukaanza. Niseme wakaanza. Nikaweka mdomo mahali pake, nikavimbisha shavu la kushoto, la kulia likaning'inia. Nilikuwa nimejiandaa kusikia wimbo unaporomoka. Kwa miaka arobaini niliwaambia vijana kwamba besi ni msingi, ukiuondoa nyumba inaanguka. Ubeti wa kwanza ukapita. Hakuna kilichoanguka. Ubeti wa pili ukapita, watu wanaimba kwa nguvu zote, na hakuna hata mmoja aliyegeuka kutazama kuna nini. Mgeni mmoja alichuchumaa mbele yangu akanipiga picha karibu kabisa. Niliona aibu mpaka masikioni. Kumbe miaka yote nimekuwa nikibeba nyumba ambayo ilikuwa imesimama yenyewe.

Kisha ukaja ubeti wa tatu.

Hapa ndipo ujinga wetu wawili, wangu na wa kiongozi, ulipokutana. Ubeti wa tatu wa wimbo ule, tangu enzi za mwalimu aliyenifundisha mimi, tarumbeta nyingine zote hunyamaza. Watu wanaimba chini chini na besi peke yake inatembea nao. Ndivyo ulivyopangwa, kila mtu pale alizaliwa akakuta ndivyo ulivyo, na kwa sababu hiyo hiyo hakuna aliyekumbuka kuubadilisha. Wiki nzima tulipanga suti, kigoda na nani asimame wapi. Tarumbeta zote zikanyamaza kwa pamoja, vizuri sana. Nikabaki mimi, shavu limevimba, mbele ya wageni watano, usharika mzima na mama yangu, na besi haitoi hata mlio wa nyuki.

Watu walianza mstari wa kwanza wakasita. Mtu mmoja alicheka puani. Kiongozi alinitazama kwa macho ya mtu aliyesahau maziwa motoni. Nilitaka kuinuka niondoke, lakini besi ni nzito na ilikuwa imenikalia.

Ndipo nikasikia besi.

Ilitoka nyuma, upande wa wanawake. Haikuwa na maneno. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, nzito, imefungwa mdomo, ikitembea hatua kwa hatua pale pale ninapotembea mimi, ikipumzika ninapopumzika. Hata lile kosa ninalolifanya kwenye mstari wa tatu, la kuchelewa nusu pigo, ilichelewa nalo. Sikuhitaji kugeuka. Watu wakaishika ile sauti, wakaimba juu yake mpaka mwisho wa ubeti. Ubeti wa nne tarumbeta zikarudi, na mimi nikaondoa mdomo kwenye shaba, nikakaa kama mzigo.

Baada ya ibada mgeni mmoja alimuuliza mchungaji, kupitia mkalimani, kama yule mwanamke wa ubeti wa tatu ni mila ya Washambaa. Mchungaji wetu hakosi jibu. Alisema ndiyo, ni mila yetu ya kale. Waliandika.

Mimi na mke wangu tulirudi nyumbani pole pole kwa sababu ya nyonga yake. Nyonga hiyo inamsumbua miaka na miaka. Anapanda matuta nayo, anabeba kuni nayo, na katika miaka hiyo yote hakuna mfariji hata mmoja aliyekuja kula magimbi kwa ajili yake. Nikaona pia kwamba mimi mwenyewe sikuwahi kumuuliza inamuuma kiasi gani usiku. Nilijifanya naangalia njia.

"Uliijua vipi?" nikamuuliza.

"Kila siku saa kumi, miaka arobaini. Ningeacha kuijua vipi?"

"Nilidhani unaichukia."

"Naichukia," akasema. "Lakini nilikuwa nasali humo. Ukianza, naanza. Ukimaliza nasema amina, naweka maharage jikoni."

Tukatembea kidogo.

"Ulikuwa unaombea nini?"

"Nyonga. Watoto. Mvua. Na wewe, kwa kuwa nilijua husali."

"Nani amekwambia sisali?"

"Mtu anayesali hajisifu kiasi kile."

Tulipofika pale mfereji unapokata njia alisimama kupumzisha mguu. Jirani yetu alikuwa ng'ambo, ameinama kwenye mlango wa shamba letu, anatufungulia maji. Ilikuwa siku ya zamu yetu, nami nilikuwa nimeisahau kwa ajili ya picha.

"Unamwona yule?" mke wangu akasema. "Anakufungulia kwa sababu unaumwa. Ukipona ataacha. Na mimi nimekufungulia muda mrefu, ukiwa mzima, na kifua chako chote. Nimechoka. Mdomo umepinda, sawa, pole. Lakini hujafa. Zamu yako ichukue mwenyewe."

Kisha akampigia jirani kelele kwamba kuna pilau mchana, aje na mkewe.

Saa kumi nilikwenda kwenye jiwe langu bila besi. Nilijisikia mpumbavu. Nikainamisha kichwa, nikafumba macho, na jicho la kulia likakataa. Kwa hiyo nilisali hivyo, jicho moja limefumba kwa adabu na jingine limemtazama Mungu waziwazi. "Baba" bado iligoma, nikasema "Tate", neno linalotaka ulimi tu. Nikasema kwa Kishambaa kwamba nimekasirika. Nikasema alikuwa na watu wengi wa kuwapindisha midomo, akiwemo mwinjilisti wa viatu vilivyochongoka, akanichagua mimi. Nikasema naogopa kwamba sikuwa chochote Kwake isipokuwa kelele. Udenda ulikuwa unanitoka, inzi walikuwa wanakuja, na haikuwa sala ya kumfundishia mtu. Lakini nilikaa zaidi ya dakika tano, na sikutaka kuondoka.

Uso ulirudi nusu. Jicho siku hizi linafumba nikilibembeleza, na chai inakaa ndani. Midomo haishiki besi na haitashika tena. Waliposikia nusu imerudi, wafariji wakaja tena, mzee wa kanisa akiwa mbele, wakidai kila mmoja kwamba ni maombi yake. Wanataka nisimame Jumapili nitoe ushuhuda. Nimewaambia nitatoa siku watakayokuja na sukari yao. Besi anapuliza sasa binti mmoja wa sekondari, anapuliza vizuri, na ubeti wa tatu hachelewi. Inaniudhi mpaka leo.

Nyonga ya mke wangu haijapona. Ninaiombea kila siku saa kumi kwenye lile jiwe, na Mungu hajanijibu, na kesho yake narudi. Wiki iliyopita nilikuwa nimekaa pale kitambo kirefu. Mke wangu, pale mlangoni pa jiko, akaacha kuchambua maharage, akapaza sauti:

"Mbona kimya? Umelala?"

"Nasali."

"Mbona sikusikii?"

"Sisemi na wewe," nikamjibu.